Duka la viungo mji wa kale Malindi: hapa ndipo pa kununua vitu vya keki ya matunda ya Krismasi

Kama uko Malindi, au Watamu, au hata Mambrui na Gongoni huko, na mwaka huu umeazimia kupika keki ya matunda ya Krismasi, ile nzito nyeusi yenye viungo, si hii sponji ya kila bathdei, basi wacha kuhangaika kuagizia vitu Mombasa na Nairobi. Nenda mji wa kale upande wa Shella, ingia vichochoroni, ulizia duka la viungo lenye mashine ya kusaga. Kibao chake hakisomeki, rangi ishababuka zamani, lakini harufu yenyewe itakufikisha. Mimi napika keki za oda na za nyumbani, na kusema kweli sijaona mtu mwingine mjini hapa anayekijua kitu anachouza kama huyu Ami, mzee mwenye duka.

Nianze na kwa nini naona duka la viungo ni jambo kubwa hivo. Keki ya matunda haina aisingi ya kuificha wala krimu ya kuisitiri, kama viungo vyako vimekufa utakula unga mtamu wenye zabibu basi. Na viungo vya kusagwa vinakufa haraka sana manake yale mafuta yanayonukia yanapeperuka, ukishasaga tu hesabu ishaanza. Sasa fikiria pakiti imesagwa sijui wapi sijui lini, ikasafirishwa, ikakaa kwenye shelfu ya supermarket chini ya joto letu hili la pwani, hapo unategemea nini? Kuna supermarket moja hapa mjini, siitaji, waliniuzia mdalasini wa unga wa pakiti nikaufungua nikanusa nikadhani pua yangu imeziba, nikampa jirani anuse naye akaniuliza hii ni nini, vumbi la mbao? Na tarehe ya pakiti ilikuwa bado kabisa. Niliirudisha wakakataa, pesa zangu zikaenda hivo. Tangu hapo mimi kiungo chochote cha keki nanunua kizima.

Kwa Ami karibu kila kitu ni kizima. Karafuu, iliki, kungumanga, mdalasini, tangawizi kavu ile ya vidole, pilipili manga, vyote viko kwenye mikebe ya vioo vikubwa na vingine magunia madogo yamekunjwa mdomo. Na hakukimbizi. Nilimuuliza, Ami, karafuu zako za lini hizi? Akanambia, "Mwanangu, usiniulize mimi, iulize yenyewe karafuu." Akatoa moja, akaibonyeza kichwa kwa ukucha wa kidole gumba mpaka mafuta yakatoka, akanipaka kidogo mgongo wa mkono. Nilitembea na ile harufu mpaka naingia nyumbani. Akachukua na gilasi ya maji akazitia nne tano, zikazama nyingine zikasimama wima kichwa juu. Karafuu iliyokauka mafuta inalala juu ya maji ubavu kama kijiti, hiyo usinunue popote pale. Hiki ni kipimo cha bure na unaweza kukifanya hata kwako, fanya leo na zile zilizoko kabatini uone.

Mdalasini ndipo aliponishangaza zaidi. Anazo aina mbili na anakwambia wazi ipi ni ipi, jambo ambalo wauzaji wengi hawajishughulishi nalo. Ule mnene, gamba moja gumu limejikunja, wengi ndio tunaoupikia pilau na chai, una ukali mzuri na bei yake iko chini. Halafu kuna ule mwembamba wa Sri Lanka, maganda laini membamba yamepangwa moja ndani ya jingine unayavunja kwa vidole tu, huu ni mtamu, mpole, haukwaruzi koo. Kwa keki ya matunda chukua huu mwembamba. Bei ni kama mara mbili ya ule mwingine, lakini keki nzima inataka kijiko kimoja cha chai, kwa hivo hiyo tofauti ni ya shilingi chache na utaiona mdomoni.

Iliki zake ni za kijani na zimefumba, ukipasua mbegu ni nyeusi zinanata. Wazungu hawatii iliki sana kwenye keki yao ya Krismasi, wao ni mdalasini, kungumanga, karafuu na tangawizi, lakini huku pwani keki bila iliki mtu atakuuliza umesahau nini, na mimi naona inakaa vizuri sana na ganda la chungwa. Weka tu kidogo, isije ikageuka mahamri. Kungumanga anauza moja moja kwa kuhesabu, na hiyo mwambie asisage, nenda ukaikune mwenyewe nyumbani dakika ile ile unapochanganya unga. Moja inakutosha keki kadhaa.

Sasa mashine. Hapa ndio nampa maksi zote. Maduka mengi yenye mashine ya kusaga, mteja wa mbele yako amesaga bizari ya mchuzi au pilipili, wewe ukifuata na mdalasini wako wa keki unaondoka na mdalasini wa kuwasha. Ami anasaga kwanza konzi ya mchele mkavu, anaumwaga, anapangusa na brashi, ndio anatia vyako. Sikumwomba, anafanya hivo kwa kila mtu mwenye kitu cha tamu. Anakusagia huku umesimama, anakufungia kwenye karatasi halafu kwenye nailoni, na anakuandikia kwa kalamu kilicho ndani. Nilisaga kidogo tu cha keki ya wiki hiyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri nisisage kingi, angekuwa mfanyabiashara mwingine ningeshuku lakini yeye hapo alikuwa anajipunguzia mauzo.

Na wallahi kuna kitu kinanigusa kununua viungo mji huu. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498 na hapa ndipo alipopewa rubani wa kumvusha mpaka India, na alichokuwa akikitafuta huko ni hivi hivi, viungo. Nguzo yake watalii wanaenda kuipiga picha kila siku. Mimi nawaambia wageni wangu wakitoka nguzoni wapite mji wa kale wakanuse vyombo vya yule mzee ndio wataelewa watu walikuwa wanavuka bahari kwa nini.

Tuje kwenye matunda, hapa ana vizuri na ana vibaya. Zabibu nyeusi safi, hazina vijiti wala mchanga, bado laini. Zabibu za rangi ya dhahabu pia nzuri. Tende anazo za aina nyingi, chukua zile za bei ya chini zilizopondeka, kwa keki ndizo bora manake zinayeyuka ndani zinaipa rangi na unyevu. Maembe makavu ya huku huku Kilifi, ukiyakata vipande vidogo yanaleta uchachu fulani ambao keki hii inauhitaji sana, vinginevyo ni utamu juu ya utamu. Korosho za Kilifi pia, na lozi. Halafu kuna ganda la chungwa la sukari, hili wanalitengeneza nyumbani kwake, vipande virefu vimekauka nje ndani vinameremeta, na uchungu wake wameuacha kidogo, haukuchemshwa ukaisha wote. Ningeweza kwenda pale kwa hilo ganda peke yake. Tatizo halipatikani siku zote, kwa hivo pitia mapema umwekeshe.

Vibaya: zile cheri nyekundu za kung'aa za kwenye kopo. Hazina ladha ya tunda lolote, ni sukari na rangi, na hiyo rangi inavuja kwenye keki unakata kipande unakuta madoa mekundu kama kidonda. Wateja wanazitaka kwa sababu ya picha, najua, lakini mimi sizitii. Na yale maganda mchanganyiko ya vikopo vya plastiki, ya kijani na manjano, nayo pia yapite. Ukishaonja ganda lake la nyumbani huwezi kurudi huko.

Pia ana pakiti yake aliyoichanganya mwenyewe ya viungo vya keki, tayari imesagwa. Kwa mtu anayeanza si mbaya, na inasagwa kila wiki si ya zamani, lakini kwangu tangawizi imezidi, inafunika ile karafuu na kungumanga inapotea kabisa. Nilimwambia, akasema watu wengi wanaitumia kwa chai pia ndio maana. Sawa, basi iwe ya chai. Ya keki mwambie akuchanganyie upya: mdalasini mwembamba sehemu nne, tangawizi moja, iliki moja, karafuu nusu tu, karafuu ikizidi keki inatia ganzi ulimi. Kungumanga utaikuna mwenyewe.

Ili maoni haya yawe ya haki lazma niseme vilitokaje jikoni. Matunda kama gramu 800 kwa jumla nayaloweka usiku kucha kwenye chai ya rangi nzito iliyokamuliwa machungwa, chai ikiwa bado ya moto. Nyumbani kwetu na kwa wateja wangu wengi pombe haiingii, na sijaona upungufu wowote, kazi ya kuloweka ni tunda lishibe lisije likanyonya unyevu wa keki yenyewe, na chai inafanya hiyo kazi vizuri tu na ina uchungu wake mzuri. Asubuhi nachuja. Siagi gramu 225, sukari guru iliyopondwa ikasuguliwa gramu 225, hiyo pia kwa Ami, mayai manne, unga gramu 225, viungo vijiko viwili vya chai. Rojo lazma liwe zito, watu wanapaka matunda unga ati yasizame, lakini kinachoyashikilia ni uzito wa rojo si ule unga wa juu.

Oveni ni digrii 150, si zaidi, na ukae nayo karibu masaa matatu kwa bati la sentimita 20. Sukari ni nyingi humo ndani, ukipandisha moto nje inaungua katikati bado mbichi. Bati lifunike karatasi ya kuokea ndani tabaka mbili na nje ulizungushie gazeti ulifunge kamba, upande uive polepole. Kwa wenye jiko la makaa inawezekana kabisa, mama zetu walipika vitu vigumu kuliko hivi kwa kupalia, ila makaa ya chini yawe machache mno na ya juu ya mfuniko ndio mengi kidogo, sufuria uitie mchanga chini, na uwe na subira ya kuongeza makaa madogo madogo. Kijiti kikitoka kisafi iache ipoe ndani ya bati lake mpaka kesho.

Nilipokata ile ya kwanza ya viungo vya Ami, kisu kilipita taratibu kikatoka na unyevu bila kubomoa, rangi ya kahawia nzito mpaka katikati, tende zimepotea kabisa hazionekani zimebaki utamu tu, halafu kipande cha ganda la chungwa kimekaa pembeni kinapitisha mwanga. Harufu ilikuja kwa zamu, mdalasini kwanza, chungwa, halafu mwisho kabisa ukishameza ndio karafuu. Hiyo zamu ndiyo inayokwambia kwamba viungo ni vya kweli, vile vya pakiti vyote vinakuja pamoja vinaondoka pamoja.

Jambo moja la joto. Waingereza wanaipika hii keki mapema, desturi yao ya kukoroga pudding ya Krismasi ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yaani kama mwezi mzima kabla ya Krismasi, halafu keki nayo wanaikalisha wiki nyingi wakiinywesha brandi. Kule ni baridi na pombe inazuia ukungu. Huku Disemba ni kaskazi, joto na unyevu, na kama keki yako haina pombe usiige hizo wiki nyingi utakuja kufungua ukute manyoya ya kijani. Pika wiki moja au mbili kabla, ifunge karatasi ya kuokea halafu foili, iweke friji, siku ya kuila itoe asubuhi ipate joto la nyumba. Inazidi kuwa nzuri kila siku ndani ya hizo wiki mbili, usiikate siku ya kwanza hata watoto wakilia. Na aisingi ya sukari ya juu wacha, kwenye hewa yetu inatoa jasho inanata vidoleni, mimi napanga lozi juu kabla ya kuoka basi inatosha.

Najua wengi hapa Malindi Disemba wananunua panettone kwenye maduka ya Kitaliano, na Waitaliano wamekuwa wengi mji huu miaka mingi mpaka imekuwa kama desturi yetu pia. Panettone ni tamu sina ubaya nayo, lakini ule ni mkate wa hamira wa Milano, mwepesi, unachambuka, ndani zabibu na maganda kidogo, viungo hakuna. Si badala ya keki ya matunda. Na kwa bei ya boksi moja la wastani la panettone mimi kwa Ami nanunua viungo na matunda ya keki nzima inayolisha watu zaidi, na inakaa zaidi.

Bei zenyewe nilivyolipa mimi: karafuu gramu 50 shilingi 100, mdalasini mwembamba gramu 50 ni 150, iliki gramu 50 ni 250 nazo zinapanda Krismasi ikikaribia, kungumanga 30 moja, zabibu nusu kilo 350, ganda la chungwa gramu 100 ni 120. Kusaga bure ukinunua kwake, ukija na vyako anakutoza kidogo. Anapokea M-Pesa. Anapima kwa mizani ya dijitali imekuelekea wewe, unaona mwenyewe.

Malalamiko ninayo. Duka ni dogo mno, watu watatu wakiingia wa nne anasubiri barazani juani. Mifuko yake ya karatasi ni myepesi, zabibu zangu zilimwagika kwenye tuktuk nikaokota zilizookoteka, beba kikapu chako. Siagi na bati za kuokea hana, hizo utatafuta kwingine. Na kijana wake anayemshikia duka mchana hajui tofauti ya hizo mdalasini mbili, ukimkuta yeye angalia mwenyewe ule uliopangwa maganda membamba, la sivyo atakupimia mnene kwa bei ya mwembamba, si kwa ubaya, hajafundishwa tu. Nilimwambia mzee akasema atamkalisha chini.

Kwa walioko Watamu na Gede anatuma vitu kwa matatu ukishalipa, mzigo wangu wa mwisho nilimtumia dada yangu Gede ukafika jioni ile ile umefungwa vizuri, kila pakiti imeandikwa jina. Ijumaa anafunga mchana kwa swala na hafungui mpaka alasiri. Nenda asubuhi saa tatu saa nne, kabla jua halijakaza na kabla wale wa maandazi hawajamaliza iliki, na kama unataka lile ganda la chungwa muwekeshe sasa hivi, wiki ya Krismasi yenyewe haliko.